Tugawe maziwa ya unga kambini? Jibu kwa msomaji anayejitolea

Msomaji wetu mmoja ameuliza hivi: "Sisi ni kikundi cha watu 12 tunaojitolea katika kambi ya watu waliokimbia mapigano. Tumepokea msaada wa katoni nyingi za maziwa ya unga ya watoto pamoja na chupa za kunyonyeshea, na tuna fedha kidogo. Akina mama wengi wenye watoto wachanga wanatuambia kwamba maziwa yao yamekatika kwa sababu ya hofu na njaa, na watoto wanalia usiku kucha. Wenzangu wanataka tugawe maziwa hayo kesho. Mimi nasita, lakini sina hoja ya kuwaeleza. Tufanye nini ili msaada huu uwafae kweli wajawazito, akina mama na watoto wadogo?"

Ndugu yangu, kusita kwako kuna sababu nzito, na ninakuomba uwasihi wenzako wasubiri. Katoni hizo zisigawiwe kesho, wala zisigawiwe siku nyingine yoyote kwa utaratibu wa kumpa kila mama aliyebeba mtoto. Ninajua kwamba ni vigumu kumwambia neno hili mtu anayesikia watoto wakilia huku msaada umelala stoo. Kwa hiyo nitazieleza sababu zake kwa urefu, kisha nitakuambia yale ambayo fedha zenu zinaweza kuyafanya. Jambo moja ninalotaka ulishike ni kwamba katika dharura mama na mtoto wake mchanga huhesabiwa kuwa mgonjwa mmoja, na msaada unaotaka kumfikia mtoto kwa kumpita mama yake kando mara nyingi huishia kumdhuru mtoto yuleyule.

Tuanze na kauli ya akina mama kwamba maziwa yamekatika. Hawasemi uongo, bali wanaeleza wanachokihisi. Titi hufanya kazi mbili, na kila kazi ina homoni yake. Prolaktini huliamuru titi litengeneze maziwa, nayo hupanda kila mtoto anaponyonya. Oksitosini huyasukuma maziwa yaliyokwisha kutengenezwa hadi yatoke. Hofu, maumivu, uchovu na aibu ya kunyonyesha mbele ya umati huizuia oksitosini kwa muda, hivyo maziwa yamo lakini hayashuki, na mtoto anayevuta bila kupata hulia na kuliachia titi. Mama akiona hivyo huamini kwamba yamekauka. Akipewa maziwa ya unga siku hiyo, mtoto atashiba, atalala, na hatanyonya; titi lisilonyonywa halipati amri ya kutengeneza, na baada ya siku chache maziwa hupungua kwelikweli. Kopo lililoletwa kuponya tatizo ndilo lililolizaa.

Kuhusu njaa, jibu linahitaji uangalifu zaidi. Mwanamke aliyepungukiwa na chakula kwa kiasi bado hutengeneza maziwa ya kutosha kwa mtoto wake, kwa sababu mwili humtanguliza mtoto na kuchota katika akiba ya mama mwenyewe. Maziwa hupungua sana pale tu mama anapofikia utapiamlo mkali au anapokosa maji ya kunywa. Hata hivyo isidhaniwe kwamba mama anaweza kuachwa na njaa maadamu mtoto ananyonya, kwa maana gharama hiyo anailipa yeye kwa damu yake, mifupa yake na afya ya mimba itakayofuata. Anayenyonyesha anahitaji takriban kilokalori 500 za ziada kila siku, ilhali mgao wa kawaida wa dharura hukadiriwa kwa kilokalori 2,100 kwa kila mtu, kana kwamba watu wote ni sawa. Mama akiongezewa chakula, mtoto naye hulishwa, tena kwa chakula kisichohitaji kuni, maji, kikombe wala usafi wa mikono ya mtu mwingine.

Hapo ndipo hatari ya maziwa ya unga inapoonekana. Unga huo haukuuliwa vijidudu vyote kiwandani, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linaelekeza uchanganywe na maji yenye joto lisilopungua nyuzi 70 za Selsiasi, katika chombo kilichochemshwa, kwa kipimo sahihi, na utumike mapema. Jiulize ni mama yupi kambini mwenu anayeweza kuchemsha maji mara 7 au 8 kwa siku, usiku na mchana. Asipoweza, atachanganya kwa maji aliyo nayo. Kopo likikaribia kwisha atapunguza kipimo ili lifike mwisho wa wiki. Na chupa yenye chuchu, ambayo ni ngumu kuliko vyombo vyote kusafishwa, itakuwa kiota cha vijidudu vya kuhara.

Haya yamekwisha kutokea. Baada ya tetemeko la ardhi lililoikumba Yogyakarta, Indonesia, mwezi Mei 2006, misaada ya maziwa ya unga iligawiwa kwa wingi, hata kwa familia ambazo watoto wao walikuwa wakinyonya. Watafiti walipowafuatilia watoto wa chini ya miaka 2, waliona kwamba kuhara kulikuwa kumewapata takriban asilimia 25 ya waliopokea maziwa hayo, na takriban asilimia 12 ya wale ambao hawakupokea. Mwaka huohuo nchini Botswana, baada ya mvua kubwa kuchafua vyanzo vya maji na kuhara kuenea, watoto wachanga wasionyonya walionekana kuwa na uwezekano wa kufikishwa hospitali uliozidi ule wa wenzao wanaonyonya kwa takriban mara 50. Wengi wao walikuwa wakipewa maziwa ya unga ili wasiambukizwe virusi vya UKIMWI na mama zao, na waliotoa ushauri huo walikuwa na nia njema kabisa. Leo ushauri umebadilika: mama anayeishi na virusi na anayetumia dawa zake ipasavyo hushauriwa kunyonyesha, na katika dharura jukumu lenu la kwanza kwake ni kuhakikisha dawa hizo hazikatiki hata siku moja.

Kwa sababu hizi zipo kanuni ambazo unaweza kuwaeleza wenzako bila kuogopa kwamba ni maoni yako binafsi. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni za Kimataifa kuhusu uuzaji wa vyakula vinavyotumika badala ya maziwa ya mama, na mwongozo wa kimataifa wa kulisha watoto wachanga na wadogo wakati wa dharura, uliotolewa upya mwaka 2017, unasema bayana kwamba michango ya maziwa ya unga, chupa na chuchu isiombwe na isipokelewe. Maziwa kwa mtoto anayeyahitaji kweli hununuliwa na kusimamiwa na wahudumu wenye ujuzi, kwa kiasi kilichopimwa, mtoto mmoja mmoja.

Watoto hao wapo, na ningekosea kama ningeandika kana kwamba hawapo. Kuna aliyefiwa na mama, aliyetenganishwa naye njiani, na yule ambaye tangu kabla ya vita hakuwa ananyonya. Kwa mtoto wa namna hii, jambo la kwanza ni kutafuta mwanamke mwingine wa kumnyonyesha, ikiwa jamii inaliridhia jambo hilo na mwanamke mwenyewe yuko tayari na amepimwa afya. La pili ni kujaribu kuyarudisha maziwa ya mama, au hata ya bibi, kwa kumweka mtoto titini kila baada ya saa 2 au 3, huku akipata maziwa ya ziada kwa mrija mwembamba uliofungwa kando ya chuchu na kutumbukizwa kikombeni, ili anapovuta ashibe na titi nalo lipate amri. Kazi hii huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki 2 au zaidi, na huhitaji mtu mwenye subira wa kukaa na mama. Hayo yakishindikana ndipo maziwa ya unga huingia, na yakiingia yasikome: mtoto apewe ya kutosha hadi afikishe walau miezi 6, pamoja na maji salama, kuni au mafuta ya kuchemshia, kikombe badala ya chupa, na mtu wa kumpima kila wiki. Ugawaji huo ufanyike faraghani, ili mama anayenyonyesha jirani asiuone kuwa ndiyo huduma bora aliyonyimwa.

Basi zikabidhini katoni zote kwa wahudumu wa afya au shirika linaloratibu lishe katika kambi yenu, wao wawe ndio wanaoamua ni watoto wangapi wanaostahili. Chupa na chuchu zisitoke stoo.

Sasa nije kwenye fedha. Kama ningekuwa na fedha za kutosha kitu kimoja tu, ningejenga kivuli chenye mikeka na ukuta wa turubai, mahali ambapo mama anaweza kuketi na mtoto wake bila kutazamwa, akanywa maji, akala kitu, na akakuta pale mwanamke mzoefu wa kumsaidia. Nimewaona akina mama walioletwa kwangu wakiwa na hakika kwamba maziwa yamekwisha, na baada ya saa chache za kuketi kimya, kunywa, na kusaidiwa kumweka mtoto vizuri, maziwa yakaanza kudondoka yenyewe kutoka titi la pili. Kumweka vizuri maana yake ni mdomo wazi kabisa, kidevu kikigusa titi, sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu ikiwa ndani ya mdomo, na mwili wa mtoto umeelekezwa wote kwa mama. Mfundisheni pia mama kutambua kwamba mtoto anapata vya kutosha: akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku na uzito ukipanda, maziwa yanatosha hata kama analia. Mtoto hulia kwa baridi, kwa kelele na kwa kutaka kubebwa. Si kila kilio ni njaa. Na asipewe maji wala kitu kingine chochote kabla ya miezi 6, hata kukiwa na joto kali, isipokuwa dawa aliyoandikiwa.

Kivuli hicho kina faida nyingine ambayo haionekani katika hesabu za misaada, nayo ni kumrudishia mama muda. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada hupimia kazi yao, vinataka kila mtu apate walau lita 15 za maji kwa siku, bomba moja lisihudumie watu zaidi ya 250, na umbali kutoka makazi hadi majini usizidi mita 500. Viwango hivyo huandikwa katika taarifa za maji, lakini kwangu mimi ni viwango vya lishe, kwa sababu mama anayesimama kwenye foleni kwa saa 4 akiwa amemwacha mtoto kwa dada yake wa miaka 7 amekosa vipindi viwili vya kunyonyesha, na mtoto amekosa mlo. Mnaweza kuzungumza na wasimamizi wa maji na wa mgao ili wajawazito na wanaonyonyesha wapate foleni yao wenyewe. Jambo hili halina gharama, na sijaona mradi ulioleta nafuu ya haraka kuliko huu.

Wajawazito husahaulika kwa sababu mtoto wao hajaonekana bado. Uholanzi, katika majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, mamlaka za uvamizi za Ujerumani zilipofunga njia za chakula, mgao katika miji ya magharibi ulishuka hadi chini ya kilokalori 1,000 kwa siku. Wanawake waliopatwa na njaa hiyo katika miezi ya mwisho ya mimba walijifungua watoto wenye uzito mdogo. Wale waliopatwa nayo mwanzoni mwa mimba, kisha wakapata chakula, walizaa watoto wenye uzito wa kawaida, lakini watoto hao walipofika utu uzima walionekana kuugua zaidi magonjwa ya moyo. Majira mamoja tu ya njaa yalibaki ndani ya miili ya watu kwa zaidi ya miaka 50. Kwa hiyo mjamzito wa miezi 2, ambaye tumbo lake halijaonekana na hajitokezi katika orodha ya mtu yeyote, anastahili chakula cha nyongeza sawa na yule aliye karibu kujifungua. Ulizieni kituo cha afya vidonge vya madini ya chuma na asidi foliki, au bora zaidi vile vyenye mchanganyiko wa vitamini na madini 15. Tangu miaka ya 2000 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Mpango wa Chakula Duniani wamependekeza wajawazito na wanaonyonyesha katika dharura wapewe kidonge cha mchanganyiko wa namna hiyo kila siku. Vidonge hivi havichukui nafasi ya chakula, lakini mgao wa nafaka, mafuta na maharagwe huwa na upungufu ambao vidonge hivyo huuziba.

Kujifungua kwenyewe si kazi yenu, na hapa msivuke mpaka. Kazi yenu ni orodha na usafiri. Takriban asilimia 15 ya wajawazito hupata tatizo la kutishia maisha, kama kutokwa na damu nyingi, kifafa cha mimba au uchungu uliokwama, na hakuna mkunga anayeweza kutabiri kwa uhakika ni yupi kati yao. Mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 duniani walikufa kwa sababu za ujauzito na uzazi, ambayo ni zaidi ya 700 kila siku, na vifo hivyo vingi vilikuwa vya kuzuilika. Anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa 2. Kwa hiyo muwe na daftari la wajawazito wote na mwezi wa kila mmoja, na chombo cha usafiri ambacho dereva wake amekubali kuamshwa usiku na amelipwa kabla. Mjue pia, kwa kwenda wenyewe na kuuliza, ni kituo kipi kinachoweza kufanya upasuaji na kuongeza damu. Ramani iliyobandikwa ukutani huwa imepitwa na wakati tangu barabara zilipofungwa. Kila aliye katika miezi ya mwisho apewe kifurushi chenye turubai safi, sabuni, wembe mpya, uzi wa kufungia kitovu na vitambaa vya kumkausha na kumfunika mtoto, ili kama njia imefungwa na mvua au risasi, asijifungulie juu ya udongo.

Mtoto akizaliwa akaushwe, awekwe kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, na anyonye ndani ya saa ya kwanza. Yale maziwa ya mwanzo, dang'a, mazito na ya manjano, yamejaa kinga na yasikamuliwe kumwagwa. Mtoto njiti au mwenye uzito mdogo abaki kifuani mchana na usiku. Njia hii ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, ambako daktari Edgar Rey Sanabria, kwa kukosa mashine za kutosha za kuwatunzia watoto joto, aliwakabidhi kwa vifua vya mama zao. Na tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza ianze mara tu mtoto anapozaliwa, hata pale ambapo mashine zipo. Ni tiba iliyozaliwa na uhaba, na katika kambi isiyo na umeme haina mbadala.

Nikiacha watoto wachanga, kuna kundi ambalo huteketea kimya kimya, nalo ni la watoto wa miezi 6 hadi miaka 2. Ziwa peke yake haliwatoshi tena, na mgao wa nafaka ngumu hauwafai. Waendelee kunyonya hadi miaka 2 au zaidi, na pamoja na ziwa wapewe chakula laini na kizito mara 2 hadi 3 kwa siku wanapokuwa na miezi 6 hadi 8, kisha mara 3 hadi 4 baada ya hapo, kwa sababu tumbo lao ni dogo na chakula chepesi kama maji hulijaza bila kuwajenga. Ulizieni kama mgao una unga ulioimarishwa kwa ajili ya watoto wadogo, na kama upo, hakikisheni unafika mdomoni mwa mtoto. Katika familia yenye njaa unga huo huliwa na wote, wala silaumu mzazi yeyote kwa hilo. Dawa yake ni mgao wa familia nzima kutosha.

Katika kundi hili ndipo kipimo rahisi huokoa maisha. Utepe wa MUAC, wenye rangi tatu, hupima mzingo wa mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya milimita 115, ambayo ni rangi nyekundu, ni utapiamlo mkali. Kuanzia 115 hadi chini ya 125, rangi ya manjano, ni utapiamlo wa kadiri. Pamoja na utepe, bonyezeni kwa kidole gumba upande wa juu wa nyayo zote mbili kwa sekunde 3. Kikibaki kishimo miguu yote miwili, mtoto huyo ana utapiamlo mkali hata kama mkono wake unaonekana mnene, na afikishwe kituoni siku hiyohiyo. Nchini Niger imeonekana kwamba akina mama wasio na elimu ya darasani, wakifundishwa kwa muda mfupi, hupima watoto wao kwa usahihi unaokaribia ule wa wahudumu wa afya ya jamii, na watoto wao hugunduliwa mapema kabla hali haijawa mbaya. Kwa hiyo msipime ninyi tu. Kila mama apewe utepe wake, afundishwe, na apime kila wiki. Yeye ndiye anayemshika mtoto huyo kila siku, na mabadiliko yakianza ndiye atakayekuwa wa kwanza kuyaona.

Mtoto mwenye utapiamlo mkali ambaye bado ana hamu ya kula na hana ugonjwa mwingine hutibiwa akiwa nyumbani. Haikuwa hivyo zamani. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 alilazwa kwa wiki kadhaa pamoja na mama yake katika vituo vilivyofurika, huku ndugu zake wakibaki bila mtu wa kuwapikia, na ndiyo sababu akina mama wengi walitoroka au hawakuja kabisa. Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo. La kwanza ni chakula tiba kilichobuniwa na André Briend na Michel Lescanne katika miaka hiyo ya 1990: mchanganyiko mzito wa karanga, maziwa, mafuta, sukari, vitamini na madini, usiochanganywa na maji na hivyo usioota vijidudu, ambao pakiti yake ya gramu 92 ina kilokalori 500. La pili ni utaratibu wa kuwatibu watoto katika jamii zao, ambao Steve Collins na wenzake waliujaribu Ethiopia mwaka 2000, na ambao mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliukubali rasmi mwaka 2007. Mama huja kituoni mara moja kwa wiki, mtoto hupimwa, naye hurudi na pakiti za siku 7. Mtoto aliyekataa kula, mwenye homa kali, anayetapika kila kitu au aliyelegea hastahili njia hii, huyo hulazwa. Wajibu wenu ni kuwafikisha watoto kituoni na kuwafuatilia wale ambao hawakurudi wiki ya pili, kwani mara nyingi sababu ni nauli, au mtoto mwingine aliyeugua nyumbani, na fedha kidogo za usafiri huimaliza.

Kuhara ndiko kunakomwangusha mtoto aliyekuwa manjano hadi nyekundu, kwa hiyo pakiti za chumvichumvi za ORS, za kurudisha maji mwilini, zisikosekane katika kile kivuli cha akina mama. Mwaka 1971, kipindupindu kilipowaingia wakimbizi wa Bangladesh katika kambi ya Bangaon nchini India na dripu zikakaribia kwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuchanganya sukari na chumvi katika madumu na kuwaachia jamaa za wagonjwa kazi ya kuwanywesha. Vifo miongoni mwa wagonjwa vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Pakiti moja huchanganywa na lita moja ya maji safi, mtoto hunyweshwa kidogo kidogo kwa kijiko, anaendelea kunyonya na kula, na mwenye zaidi ya miezi 6 hupewa zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14. Kuhusu surua nitasema tu kwamba katika kambi iliyosongamana ni miongoni mwa magonjwa yanayoua sana watoto wenye utapiamlo. Waulizeni wahudumu wa afya iwapo watoto wote kuanzia miezi 6 wamechanjwa na kupewa vitamini A. Aliyechanjwa kabla ya kufikisha miezi 9 atarudia baadaye, dozi ile ya awali haihesabiwi.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza nami nisingependa liachwe. Miongoni mwa akina mama hao wapo waliofiwa na waume na watoto wiki chache zilizopita, wapo waliobakwa njiani, na wapo wanaomtazama mtoto wao bila hamu ya kumgusa. Mama wa namna hii akiambiwa faida za kunyonyesha kwa mara ya kumi, anaongezewa mzigo. Anahitaji mwanamke mmoja wa kukaa naye, kumpokea mtoto ili alale, na kumsindikiza kwa mhudumu wa afya ya akili pale anapokuwepo. Aliyebakwa afikishwe kituoni ndani ya saa 72, kwa sababu dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI haifai kitu ikicheleweshwa kupita hapo, na asilazimishwe kusimulia habari yake kwa mtu mwingine yeyote njiani.

Wenzako wakikuuliza kesho mnaanza wapi, waambie mnaanza kwa kupita hema kwa hema na daftari, wawili wawili, na katika kila jozi awepo mwanamke. Andikeni wajawazito wote, wenye watoto wa chini ya miezi 6, na watoto wasio na mama. Hao wa mwisho wapelekwe kwa wahudumu wa lishe kabla jua halijatua. Kisha mwandikieni aliyewapa katoni hizo. Mshukuruni kwa dhati, kwa kuwa aliona watoto wanalia na akatoa alichokuwa nacho, mwelezeni kwamba maziwa yamekabidhiwa kwa wahudumu kwa ajili ya watoto wachache wasio na mama wa kuwanyonyesha, na mwombeni mchango wake unaofuata uwe sabuni, turubai, madumu ya maji yenye kifuniko, na chakula cha ziada kwa akina mama.